Gari la kampuni linalouzwa Mombasa: dalili, sababu, na wakati wa kuondoka

Gari lililotumikia kampuni halichakai kama gari la mtu binafsi, hata kama yana umri mmoja na rangi moja. La mtu binafsi huchakaa kwa tabia za mwenyewe. La kampuni huchakaa kwa kazi. Kwa hiyo ukilikuta kwenye yadi ya Shimanzi au Changamwe, au limeegeshwa uani mwa ofisi fulani Miritini na karatasi ya zabuni kwenye kioo, usianze na mwaka wala kilomita. Anza kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani, na nani alikuwa akimlipa fundi.

Mombasa magari haya yana asili zake. Kuna pikapu na Probox za kampuni za kutoa mizigo bandarini, zilizoshinda kwenye foleni za Kilindini. Kuna magari ya doria ya kampuni za ulinzi, yanayokesha injini ikinguruma. Kuna vani za watalii zilizokuwa zikipanda Tsavo kutoka Diani na Nyali, kuna magari ya kukodisha, teksi za kuitwa kwa simu, Land Cruiser za mashirika ya misaada, na magari ya serikali ya namba za GK yanayoishia mnadani. Kila kazi huacha alama zake, na alama hizo haziondoki kwa kuoshwa na kupigwa rangi.

Hapa chini naanza na kile unachokiona, unachokisikia au unachokinusa, kisha narudi nyuma hadi kwenye sababu. Msimamo wangu niuseme mapema: gari la kampuni lenye kilomita 200,000 na faili kamili la matengenezo naliamini kuliko gari la kilomita 80,000 ambalo muuzaji wake hana hata risiti moja ya oili.

Kabla halijawashwa

Mpigie muuzaji simu usiku, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Nenda asubuhi, na jambo la kwanza weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini. Injini ya dizeli yenye nozeli (za kunyunyizia mafuta) mbovu au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) dhaifu huwaka kwa tabu ikiwa baridi na huwaka vizuri ikishapata joto, na wauzaji wanalijua hilo.

Kisha omba faili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye magari ya kampuni daftari ndilo linalotenganisha gari la kununua na gari la kuacha. Kampuni yenye mpangilio huwa na kadi ya kila gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, gereji iliyofanya kazi. Usiridhike kuliona tu. Lisome.

Chukua mfano wa faili la pikapu ya dizeli. Oili imebadilishwa kila kilomita 5,000 tangu mwanzo hadi 121,000. Baada ya hapo ukurasa unaofuata unasoma 158,000. Hizo kilomita 37,000 katikati ndizo za kuulizia: huenda kampuni iliishiwa pesa, au iliamua kuliuza ikaacha kulihudumia, na dereva akaendelea kulikamua. Shuka chini. Springi za nyuma zimebadilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja: lilikuwa likibeba kuliko uwezo wake. Pedi za breki za mbele zinaisha kila baada ya kilomita 8,000: mizigo tena, au dereva asiyejua kutumia gia kwenye mteremko. Na pale pembeni, kwa mwandiko wa haraka, "kuongeza maji ya rejeta", mwezi baada ya mwezi, bila mtu kuandika maji yanakwenda wapi. Mstari huo mmoja unaweza kuwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, inayokufa polepole. Faili limekwambia mambo manne kabla hujagusa ufunguo.

Kama faili halipo, gari linaweza kuwa zima, lakini bei yake lazima iwe ya gari lisilojulikana.

Mtafute pia dereva aliyekuwa akiliendesha. Mara nyingi bado yuko pale pale kazini, na akisalimiwa kwa heshima husema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia hiyo?"

"Ndiyo. Mlikuwa mkiifanyia kazi gani?"

"Saruji. Tunapeleka Kwale. Siku zote imejaa."

Jibu kama hilo lina faida kuliko saa nzima ya kuzunguka boneti.

Dalili: kilomita ni chache, lakini ndani kumechoka

Usukani umelainika na kung'aa, raba ya pedali ya klachi imeisha upande mmoja, kiti cha dereva kimebonyea ubavuni kwa kushuka na kupanda, na mita inasoma 70,000.

Sababu ya kwanza inayokuja akilini ni mita kurudishwa nyuma, na hilo hutokea. Linganisha mita na faili, na stika za oili zilizobandikwa mlangoni au chini ya boneti, na tarehe za tairi. Tarehe ya tairi iko ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za kwanza zikiwa zimeshabadilishwa zote na za pili zimeisha, kilomita 70,000 hazielekei kuwa kweli.

Lakini kuna sababu ya pili ambayo wanunuzi wengi huisahau: mita inaweza kuwa ya kweli na gari likawa limechoka vile vile. Gari la doria, au la kungoja mizigo bandarini, huwaka saa nyingi bila kusogea. Mita haihesabu saa hizo, injini inazihesabu. Wasimamizi wa magari mengi hukadiria kwamba saa moja ya injini kunguruma gari likiwa limesimama inachosha injini kama kilomita 40 hadi 50 za barabarani. Baadhi ya magari ya kazi yana kihesabu cha saa za injini kwenye dashibodi, na mengine huzisoma kwa mashine ya fundi. Ukizipata, gawanya kilomita kwa saa. Gari la kilomita 120,000 lenye saa 8,000 limekwenda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa maisha yake yote. Maana yake lilisimama zaidi kuliko lilivyokwenda, na injini hiyo ihesabie kama ya gari lililotembea mara mbili au tatu ya kile unachokisoma.

Dalili: siku nyingine linawaka, siku nyingine halishiki

Hii ni dalili ya magari ya kampuni hasa, na imewatoa watu pesa nyingi za staata na pampu zisizokuwa na kosa.

Karibu kila kampuni hufunga traka, kifaa cha kufuatilia gari liko wapi. Fundi wa traka hukata waya wa staata au wa pampu ya mafuta, akaweka relei katikati ili gari lizimwe kwa mbali likiibwa. Kampuni ikiuza gari, kifaa hung'olewa haraka au huachwa humo humo. Relei inazeeka, viungo vya waya vilivyozungushwa tepu vinaingia kutu kwa unyevu wa pwani, na gari linaanza vituko: staata inazunguka bila kushika, au linazimika Nyali Bridge na kuwaka tena baada ya dakika kumi.

Lala chini ya dashibodi na tochi. Tafuta waya zisizofanana na nyingine, tepu nyeusi inayonata, kiboksi kidogo chenye taa inayowaka na kuzimika, au nafasi ya kiboksi kilichoondolewa. Betri ikiwa inakufa gari likilala siku tatu au nne, fundi wa umeme apime umeme unaovuja kila kitu kikiwa kimezimwa. Gari zima halipiti miliampia 50 hivi baada ya kutulia. Likipita hapo, traka ni mshukiwa wa kwanza, pamoja na redio za mawasiliano na taa za juu zilizofungwa kwa ajili ya doria.

Ukikuta traka mbili, simama kidogo. Moja ni ya kampuni. Ya pili mara nyingi hufungwa na mkopeshaji, na hapo maswali yako yahamie kwenye karatasi. Ukinunua, traka zote ziondolewe na waya zirudishwe kama zilivyokuwa kiwandani, na fundi wa umeme mwenyewe, si kwa kukata na kuunganisha. Gari ambalo mtu mwingine anaweza kulizima kwa simu bado si lako.

Dalili: linakataa kupita kilomita 80 kwa saa

Vani za abiria na watalii na magari makubwa ya biashara yamefungwa gavana, kifaa cha kuzuia kasi, kwa sheria, mwendo usizidi 80. Ukifika pale pale kila mara na nguvu ikakatika kwa upole, bila moshi wala taa ya injini, hilo ni gavana na si ugonjwa. Swali ni kama limefungwa vizuri. Likiwa limeng'olewa, angalia waya za pedali ya mafuta, maana wengi hukata na kuunganisha kienyeji, na gari huanza kuruka ruka.

Lakini nguvu ikipungua mlimani na si kwenye tambarare, tafuta kwingine. Barabara ya kupanda Mazeras ni kipimo kizuri, maana kutoka kisiwani gari linapanda likiwa limeshapata joto. Ikipungua na moshi mweusi nyuma, hewa haitoshi: chujio la hewa limeziba, bomba la tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) limepasuka, au tabo yenyewe imechoka. Ikipungua bila moshi, mafuta hayafiki: chujio la dizeli, au pampu. Ikikatika ghafla na taa ikawaka, kisha ikarudi baada ya kuzima na kuwasha, kompyuta ya gari imejilinda. Hapo mashine ya kusoma hitilafu itasema kwa nini. Mwambie fundi aangalie pia kama kumbukumbu ya kompyuta imefutwa karibuni, kwa sababu ikiwa imefutwa asubuhi hiyo mashine huonyesha kwamba majaribio ya ndani bado hayajakamilika. Mtu hafuti hitilafu asubuhi ya kuuza gari bila sababu.

Dalili: moshi, na mfuniko wa oili unaoruka

Liwashe likiwa baridi, mtu asimame nyuma.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni, sili za valvu, au sili ya tabo. Ukitoka mara moja tu baada ya gari kulala, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na unaweza kuishi nao kwa muda. Ukiendelea kila unapokanyaga mafuta, ni ringi au tabo, na hiyo ni kazi ya kufungua injini.

Moshi mweupe usikubali uitwe baridi ya asubuhi. Mombasa haina baridi ya kuufanya moshi mweupe udumu. Ukinuka dizeli mbichi, nozeli zinavuja au kompresheni ni ndogo. Ukinuka utamu wa kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) na ukaendelea injini ikiwa ya moto, maji yanaingia kwenye silinda.

Sasa fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma polepole, uugeuze na kuulaza juu ya tundu. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa, au tundu likatoa moshi kwa mapigo, gesi inapita kwenye ringi na injini imeisha kiwango ambacho hakuna oili nzito itakayoitibu.

Kwa vani na Land Cruiser zilizofanya safari za mbugani, kuna ukaguzi mmoja ambao nausisitiza kuliko mingine yote. Legeza bomba la hewa upande wa baada ya chujio, ule unaokwenda kwenye injini, na upitishe kidole ndani chenye kitambaa cheupe. Upande wa kabla ya chujio kuwa na vumbi ni haki yake. Upande wa baada ya chujio lazima uwe safi. Ukitoa kitambaa kina wekundu wa udongo wa Tsavo, injini hiyo imekuwa ikivuta mchanga. Mchanga husaga ringi na kuta za silinda, na gari linaweza kuwa linanguruma vizuri siku hiyo ya kuliangalia. Hata lingekuwa zuri vipi, hapo mimi naaga.

Jambo moja zaidi kwa Hilux na Hiace za dizeli zenye injini ya 2KD au 1KD: injini hizi zina mkanda wa taiming, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka muda wa kuubadilisha ukifika. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Kwa hiyo usiangalie taa, angalia risiti. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Bila risiti, hesabu mkanda mpya ndani ya bei yako.

Dalili: joto linapanda kwenye foleni, linashuka barabarani

Washa kiyoyozi, kaa kwenye foleni ya feri Likoni au ya Changamwe dakika ishirini, macho kwenye geji. Gari linalopanda joto likisimama na kushuka likitembea lina feni dhaifu au rejeta iliyoziba. Linalopanda kwa mwendo wa barabara kuu lina tatizo la rejeta, pampu ya maji, au gasketi ya hedi.

Angalia rangi ya maji kwenye rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Pwani hii visima vingi vina maji ya chumvi, na gari la kampuni likiishiwa maji dereva hujaza kilicho karibu. Maji ya kahawia yenye kutu, au ukoko mweupe kwenye shingo ya rejeta, ni historia ya maji ya kisima. Aluminiamu ya hedi haipendi chumvi hata kidogo.

Kuna na ujanja wa kuondoa thamostati (valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto) ili gari lisichemke siku ya kuuzwa. Dalili yake ni kinyume: geji inabaki chini mno hata baada ya kwenda Mtwapa na kurudi. Ukiona geji haitaki kupanda katika joto la Mombasa, uliza kwa nini.

Dalili: linavuta upande, nyuma limekaa chini, kuna mlio wa chuma

Achia usukani kidogo kwenye barabara nyoofu, kama ya Dongo Kundu kukiwa hakuna gari karibu. Kuvuta upande kunaweza kuwa upepo wa tairi au mpangilio wa magurudumu, kazi ya bei ndogo. Kunaweza pia kuwa boljointi na bushi za mikono ya mbele. Na kunaweza kuwa chesi iliyopinda, ambayo si ya kununua.

Kwa pikapu iliyobeba mizigo, tandika gunia ulale chini. Angalia mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa kwenye chesi, upande wa mbele na wa nyuma, na sehemu ya chesi iliyo nyuma tu ya kabini. Hapo ndipo chuma hupasuka kikizidiwa. Utafute mshono wa welding, jani la springi lililoongezwa, na zaidi ya yote rangi nyeusi mpya iliyopigwa mahali pamoja tu wakati kwingine kote kuna vumbi na oili ya zamani. Hakuna mtu anayepiga rangi chini ya gari kwa urembo. Kwaruza kwa kisu kidogo. Chini ya rangi ukikuta mshono mbaya, uliopigwa kwa haraka, liache, hata muuzaji akikata bei kwa nusu.

Land Cruiser za safari zilizorefushwa zina chesi iliyokatwa na kuunganishwa. Ikifanywa vizuri hudumu miaka. Kagua kila kiungo, na ufungue na kufunga milango yote ukiwa kwenye kilima kidogo: mlango unaogoma gari likiinama ni bodi inayojikunja.

Dalili: matundu, alama za stika, na kutu

Kivuli cha nembo iliyobanduliwa mlangoni hakina madhara. Kinakuambia tu kazi, na hiyo ni habari ya bure. Matundu ya taa za doria na antena juu ya paa ndiyo yenye madhara, kwa sababu hupitisha maji ya mvua. Bonyeza kitambaa cha dari, inua zulia, nusa. Paa la vani ya watalii linalofunguka nalo huvuja kwenye raba zake.

Kutu ya Mombasa huanza chini. Gari lililobeba samaki ndilo baya kuliko yote, maana maji ya chumvi na barafu hudondoka ndani ya bodi kila siku. Gonga kingo za chini za milango, vizingiti na sakafu ya nyuma kwa mpini wa bisibisi, sikiliza mlio. Chuma kizima hulia kikavu. Kilichooza au kilichojazwa puti hutoa mlio mzito. Vuta pia mkanda wa kiti hadi mwisho wake: mstari wa matope kwenye sehemu isiyovutwa kila siku ni alama ya gari lililoingia mafuriko.

Dalili: gia na klachi

Klachi inayoshika juu kabisa mwa pedali inakaribia kuisha, na hiyo ni ya kupatana bei. Gia ya pili inayokwaruza ni giaboksi iliyochoka.

Magari ya kukodisha na teksi mengi ni Axio, Fielder na Note zenye giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Dalili za CVT mbaya ni kutetemeka gari linapoanza kuondoka, mlio wa kulia unaopanda na mwendo, na injini kupandisha mizunguko bila gari kuongeza kasi. Lolote kati ya hayo likiwepo, na faili halionyeshi oili ya CVT kubadilishwa, usijipe matumaini ya oili mpya. Kwa teksi iliyofanya kazi mchana na usiku, giaboksi ndiyo ninayoiogopa kuliko injini.

Dalili: bei nzuri, karatasi "zinashughulikiwa"

Hii nayo ni dalili, na sababu zake ni nyingi kuliko za injini.

Anza na utafutaji wa rekodi za gari za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Unakupa jina la mmiliki, na kama gari limewekewa zuio. Linganisha namba ya chesi na ya injini kwa macho yako, si kwa picha ya simu. Logibuku yenye jina la kampuni pamoja na la benki maana yake deni halijaisha au halijafutwa. Mikopo mingine haionekani kwenye logibuku: tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mkopeshaji anaweza kuisajili dhamana yake kwenye rejista ya serikali, na rejista hiyo nayo inatafutwa. Hapo ndipo ile traka ya pili inapopata maelezo.

Anayeuza kwa niaba ya kampuni athibitishe mamlaka yake. Omba orodha rasmi ya wakurugenzi, ile CR12, na barua ya mkurugenzi mmoja wao inayoidhinisha mauzo. Meneja wa usafiri kuwa na ufunguo hakumpi haki ya kuuza.

Gari la ubalozi au la shirika lililosamehewa ushuru ni bei tamu yenye mtego wake. Likienda kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unadaiwa na KRA, mamlaka ya mapato, na kabla haujalipwa umiliki hauhamishwi. Uliza ni nani analipa, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Vani iliyosajiliwa kwa abiria au utalii, ukitaka kuitumia kama gari la nyumbani, mabadiliko ya matumizi yapitie NTSA na ukaguzi. Fahamu gharama na muda kabla ya kulipa.

Mnadani mambo ni mengine. Magari ya serikali huuzwa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali za Umma ya mwaka 2015: tangazo, siku ya kuangalia, amana, kisha zabuni au nyundo. Gari huuzwa kama lilivyo mahali lilipo, na aghalabu huruhusiwi kuliendesha. Kila kipimo nilichokitaja hapo juu ambacho hukuweza kukifanya, kitoe kwenye bei utakayoandika. Ukiona kila mtu anapandisha kwa hamasa, kaa na namba yako.

Kupiga hesabu

Mpe fundi wako aliye huru, au wakaguzi wa AA Kenya (chama cha wenye magari), saa mbili na gari, na utake orodha iliyoandikwa yenye bei za vipuri za leo. Fundi aliyeletwa na muuzaji, au dalali atakayelipwa mkienda dili, hakagui kwa niaba yako.

Jumlisha orodha hiyo na bei ya gari. Ongeza oili zote, vichujio vyote, kulanti mpya, mkanda wa taiming pale risiti inapokosekana, na kazi ya kuondoa traka. Halafu ulinganishe jumla na bei ya gari la aina hiyo hiyo lililokuwa la mtu binafsi. Ikiwa tofauti ni ndogo, hakuna sababu ya kubeba hatari ya kazi ambayo hukuiona ikifanywa.

Magari ninayoyapenda zaidi ni ya maafisa mauzo na ya wakaguzi wa bima: kilomita nyingi za barabara kuu, dereva mmoja, huduma kwa wakati. Ninayoyakwepa ni ya doria, ya samaki na ya ujenzi.

Ukikubaliana, toa amana ndogo kwa mkataba ulioandikwa, wenye namba ya chesi na sharti la kurudishiwa pesa uhamisho ukikwama. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti ya kampuni, wewe uukubali kwenye ya kwako. Pesa iliyobaki ilipwe kwa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye logibuku, wala si kwa simu ya mtu.